Kabla ya Kuifuta VPN

Malalamiko karibu yote huja kwa sentensi moja: "Imeandika imeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka." Alama ya kijani ipo pembeni mwa skrini, kufuli dogo limefungwa, programu inasema mambo yote ni salama, na bado ukurasa wa kazi unazunguka mpaka mtu achoke. Hapo wengi hushika njia ya mkato. Huzima kompyuta na kuiwasha, hung'oa waya wa ruta na kuuchomeka tena, na mwisho huifuta kabisa VPN, ile programu inayopitisha kazi ya ofisi kwa njia ya siri ndani ya intaneti. Mara nyingine intaneti hurudi. Lakini aliyefuta hajui ni kitu gani kilichoharibika, na mashine aliyoiacha imevuliwa ulinzi wake.

Makala haya ni ya kuwasifu mafundi wasiokimbilia kufuta. Wapo upande huu wa bara wa Mombasa, kuanzia Magongo hadi Mikindani, na kati yao yuko fundi mmoja wa kike anayehudumia ofisi za Kipevu na Changamwe ambaye nimepata nafasi ya kukaa karibu naye akiwa kazini. Jina lake si la kutangazwa, kwa kuwa huingia katika mashine zenye siri za watu. Ninalotaka kulisema ni moja: kuirudisha intaneti ni sehemu ndogo ya ufundi huu. Sehemu kubwa ni kujua kwa hakika VPN ilibadilisha nini, kukirudisha hicho peke yake, na kumwachia mwenye mashine ulinzi wake ukiwa mzima.

Kipevu ni mahali pazuri pa kuujifunza ufundi wa namna hii, maana hapa muunganisho ukikatika hasara huonekana upesi. Hapa pana gati la makontena lililofunguliwa mwaka 2016, gati jipya la mafuta lililoanza kazi 2022 na kupokea mzigo wa lile la 1963, na mtambo wa umeme wa kampuni ya KenGen, wa megawati 120. Nyuma ya vyuma hivyo vyote kuna ofisi: mawakala wa forodha, wenye malori, wenye maghala, wakaguzi wa mizigo. Nyingi ni chumba kimoja juu ya duka, zina kompyuta tatu au nne, printa moja na ruta iliyobandikwa ukutani. Wakala anaingiza hati kwenye mfumo wa forodha wa mamlaka ya mapato, KRA, anafuatilia kontena lake bandarini, na wakati huohuo hesabu za kampuni yake zimekaa kwenye seva iliyoko Nairobi au ng'ambo. Njia ya kuifikia seva hiyo ni VPN. Kontena likishapitisha siku zake za bure, gharama ya kuliweka bandarini huanza kuhesabika, na haingoji mtu amalize kuhangaika na kompyuta.

Wengi walianza kuitegemea njia hii mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa Kenya, tarehe 13 Machi mwaka huo, ofisi zilianza kuwatuma watu nyumbani na laptopu zao, na karani aliyezoea kufanya kazi mita mbili kutoka kwenye seva akajikuta anaifikia akiwa Chaani sebuleni. Korona ikapungua, tabia ikabaki. Leo VPN ni sehemu ya kazi kama mhuri na kitabu cha risiti, ila mhuri ukiharibika kila mtu anaona.

Ili kuuthamini ufundi huu, lazima kwanza ieleweke kwamba VPN haikai juujuu kwenye kompyuta. Ikiwashwa, kwa kawaida hugusa mahali pane. Kwanza, huleta kadi ya mtandao ya bandia, isiyoshikika kwa mkono, kando ya ile ya waifai na ile ya waya. Pili, huandika upya jedwali la njia, yaani orodha ambayo kompyuta huisoma kila inapotaka kujua pakiti (kifurushi cha data) ipitie wapi. Tatu, hubadilisha DNS, ile seva inayopelekewa jina la tovuti ikarudisha namba. Nne, nyingi zina swichi ya kukata: amri zinazowekwa ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta ili kitu chochote kisitoke endapo njia ya siri itakatika. Haya yote hufanyika kwa sekunde chache na mtumiaji haoni kitu.

Kuna uzuri katika namna mambo hayo yalivyobuniwa. OpenVPN, kwa mfano, inapotaka intaneti yote ipitie kwake, kwa kawaida haiifuti njia kuu ya kompyuta. Huandika njia mbili mpya, 0.0.0.0/1 na 128.0.0.0/1, kila moja ikichukua nusu ya anwani zote za dunia. Kompyuta hufuata njia iliyo mahususi zaidi, basi nusu hizo mbili huishinda njia kuu bila kuigusa. Programu ikifungwa kwa utaratibu, nusu zile huondolewa na njia kuu ipo palepale ilipokuwa. Taabu huja pale programu inapokufa ghafla: umeme umekatika, betri imekwisha, kifuniko kimefungwa kazi ikiendelea, mtu ametoka kwenye waifai ya ofisi akaingia kwenye hotspoti ya simu. Programu imeondoka, mabadiliko yake yamebaki.

Asubuhi moja nilimfuata fundi huyu hadi ofisi ya wakala mmoja mtu mzima. Aliamkia kwanza. "Marahaba mwanangu," akajibu mzee. "Hii VPN tangu asubuhi yazunguka tu, na intaneti nayo siioni. Ifute uweke nyingine." Fundi akavuta kiti akaketi, mikono mapajani. "Tutaiona, baba. Mara ya mwisho kushika ilikuwa lini?" Jana jioni, mzee akasema. Na hapo katikati? Waifai ni ileile? Kuna programu mpya? Wenzako kwenye meza zile wanaingia? Wenzake walikuwa wanaingia. Programu mpya hakuna. Ila umeme ulikatika jioni, mzee akaendelea na kazi kwa hotspoti ya simu mpaka betri ya laptopu ikamalizika, VPN ikiwa wazi.

Maswali yale yalikuwa kazi yenyewe. Wenzake wangekuwa hawaingii, lawama ingehamia kwenye ruta au nje ya jengo. Kwa kuwa kompyuta moja tu ndiyo ilikuwa inaumwa, na ilizimika ghafla njia ikiwa wazi, fundi alikuwa ameshapata mahali pa kuanzia kabla hajagusa kibodi.

Kisha akapanda ngazi ya vipimo, daraja moja moja. Akaipigia ruta ya ofisi ping, yaani hodi fupi ya mtandaoni, ikajibu. Kwa hiyo waifai ni nzima. Akaipigia anwani ya nje kwa namba, 8.8.8.8, ikajibu. Kwa hiyo njia ya kutoka ni nzima, na kampuni ya intaneti haina kosa. Akapiga kwa jina la tovuti; kimya. Namba inafika, jina halifiki. Akaiuliza kompyuta inapeleka majina kwa nani, nayo ikataja anwani inayoanza na 10, ya ndani ya VPN yenyewe. Basi chanzo kikawa wazi. VPN ilipowashwa jana iliandika DNS yake kwenye kadi ya waifai, ikafa kabla ya kuifuta. Asubuhi ilipotaka kuunganisha, ilihitaji kwanza kujua namba ya seva yake ya Nairobi, na ili kuijua ililazimika kuuliza seva ya majina ambayo hufikiwa kwa kupitia VPN tu. Ilikuwa inajizungukia yenyewe, na ingezunguka hivyo mpaka jioni.

Alichokifanya baadaye ndicho kilichonifanya nitake kuandika. Kabla ya kubadilisha, alinakili ile anwani kwenye daftari lake. Akarudisha DNS kwenye kujipanga yenyewe, intaneti ikarudi, VPN ikashika, mzee akashukuru na kunyoosha mkono kuichukua laptopu. Fundi akamwomba asubiri kidogo. Akaifunga VPN kwa utaratibu, akaangalia DNS: imerudi sawa. Akaiwasha tena, kisha akaiua kwa nguvu kama umeme ulivyofanya jana. DNS ikaganda vilevile, intaneti ikapotea vilevile. Hapo ndipo aliporidhika. Mpaka dakika ile alikuwa na dhana nzuri, na sasa ana ushahidi. Akairekebisha mara ya pili, akaweka toleo jipya la programu ileile, akaiua tena kwa nguvu. Safari hii ilipoamka ilisafisha uchafu wake. Mzee akapewa laptopu pamoja na maelezo mafupi ya kilichotokea, kwa Kiswahili cha kawaida, na VPN yake ikiwa kazini.

Tatizo hilo ni jepesi kwa anayelijua. Yako magumu zaidi, na gumu kuliko yote kwa maoni yangu ni lile la pakiti kubwa. Dalili zake huwachanganya hata wenye uzoefu: VPN imeshika, ping inajibu, ukurasa mwepesi unafunguka, barua pepe fupi inatoka. Lakini ukijaribu kupakia ankara yenye kurasa kumi au kufungua orodha ndefu ya makontena, kila kitu kinasimama bila hata ujumbe wa kosa.

Fikiria lori linalotoka bandarini likiwa limejaa kufikia kikomo cha sheria, kisha njiani likaongezewa maturubai, minyororo na mbao. Likifika mizani ya Mariakani linazidi, linazuiwa. Kwenye mtandao, kikomo cha kawaida ni baiti 1500 kwa pakiti. VPN huifunga kila pakiti ndani ya nyingine, na karatasi hiyo ya kufungia ina uzito wake. Pakiti ndogo hupita bila taabu, zile zilizojaa huzidi. Mtandao umeweka utaratibu kwamba kifaa kinachokataa pakiti kirudishe taarifa: punguza. Lakini vifaa vingi njiani vimepangwa kuzizuia taarifa hizo kwa sababu ya usalama, na hivyo lori limezuiwa na dereva hana njia ya kumjulisha aliyemtuma. Aliyetuma anatuma tena mzigo uleule, unazuiwa tena.

Kulitibu jambo hili kunataka subira ya kupima. Niliona fundi akifanya hivyo kwenye laptopu iliyounganishwa kwa hotspoti. Aliizima VPN, akatuma ping kwa seva ya VPN na kuipa sharti kwamba isikatwekatwe njiani, akaanza na baiti 1472. Ukiongeza 28 za vichwa vya pakiti unapata 1500 kamili. Ikakataliwa. Akashuka hadi 1400, ikapita. Akapanda hadi 1440, ikakataliwa. Akaendelea kugawa katikati, juu na chini, hadi 1412 ikapita na 1413 ikakataa. Njia hii, basi, inabeba 1440 na si zaidi. VPN ile ilikuwa ya WireGuard, ambayo kwa desturi huanza na 1420, kwa kuhesabu kwamba njia ya chini ina 1500 na kwamba ufungaji hauzidi 80. Juu ya anwani za kawaida za IPv4 ufungaji huchukua 60. Akatoa 60 kwenye 1440, akaandika 1380 kwenye faili la mipangilio, akaiwasha VPN. Ankara ikapanda. Mstari mmoja, namba moja, na namba hiyo ilikuwa na hesabu nyuma yake. Wengine huandika 1280 kwa kubahatisha, nayo hufanya kazi kwa kuwa ni ndogo vya kutosha, ila mtu huyo hajajua njia yake inabeba kiasi gani, na kila pakiti yake husafiri pungufu.

Kuna tatizo jingine linalopatikana sana majumbani. Mtu yuko Port Reitz, VPN imeshika, intaneti inakwenda kasi, lakini seva ya ofisi haionekani. Chanzo ni anwani. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa intaneti walitenga makundi matatu ya namba kwa ajili ya mitandao ya ndani, na kila mwenye mtandao wake huzitumia bila kuomba ruhusa. Watengenezaji wa ruta wakapenda sana 192.168.1 na 192.168.0. Matokeo yake ruta ya nyumbani na ruta ya ofisi hujikuta zimepewa namba zilezile. Karani anapoitafuta seva iliyo 192.168.1.10, kompyuta inaona hiyo ni anwani ya humuhumu ndani, inaitafuta kati ya simu za watoto na televisheni, haiioni, inakata tamaa. Haipeleki hata pakiti moja kwenye VPN.

Dawa ya haraka ni kubadilisha namba za ruta ya nyumbani, na fundi huifanya mtu akiwa na dharura. Lakini hatulii hapo. Huenda kwa mwenye ofisi na kumshauri aihamishe ofisi nzima kwenye kundi la namba lisilozoeleka, kwa sababu nyumba za wafanyakazi ni nyingi na ofisi ni moja. Ni kazi ya Jumamosi, wakati watu hawapo: printa, kamera, seva, kila kimoja kipewe namba mpya na kiandikwe. Namna anavyoipanga kazi ile, kwa orodha iliyochapishwa na kalamu mbili za rangi tofauti, inaonyesha anajali Jumatatu ya watu wengine.

Swichi ya kukata nayo ina kisa chake. Mtu ameifuta VPN mwenyewe kwa hasira, na tangu hapo kompyuta haina intaneti kabisa, kwa waifai wala kwa waya. Akiipigia ping hata ruta iliyo mbele yake, kompyuta inajibu papo hapo kwamba imeshindwa. Fundi akiliona jibu hilo la papo hapo hutambua kwamba pakiti haikutoka ndani ya mashine. Kitu kinaizuia mlangoni. Programu imefutwa, lakini amri zake za kuzuia zimebaki ndani ya mfumo, zikiilinda njia ambayo haipo tena. Wengi hapa hufuta Windows yote na kuanza upya, na mteja hupoteza siku nzima. Yeye huuliza ilikuwa programu gani na toleo gani, huileta kwa flashi kutoka kompyuta nyingine, huiweka tena, huifungua, huizima swichi ya kukata kwa mkono, kisha huiondoa kwa utaratibu. Programu iliyoweka kizuizi ndiyo inayojua mahali kilipo, na ndiyo inayokitoa safi. Mara ya kwanza nilipoona mtu akikiweka tena kitu kinachomsumbua ili apate kukiondoa vizuri, nilielewa jinsi kufikiri kunavyoweza kuokoa nguvu.

Yapo madogo pia. Kompyuta ya mezani ya zamani, betri yake ndogo ya kidonge imekwisha, ikizimika inasahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma. VPN inakagua cheti cha seva, inaona cheti kinasema kilianza kutumika katika tarehe ambayo kwa kompyuta ile bado haijafika, inakataa kuunganisha. Mwenye ofisi amelalamikia VPN wiki nzima. Fundi anatazama saa pembeni mwa skrini, anatabasamu, anaomba mtu atumwe dukani kununua betri.

Katika miaka ya karibuni limeongezeka tatizo la VPN mbili au tatu katika mashine moja, na sababu zake ni pana kuliko Kipevu. Uganda ilipoweka ada ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, Julai 2018, watu wengi walikimbilia VPN za bure. Nchini Tanzania, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitoa agizo Oktoba 2023 kwamba wanaozitumia wajisajili. Hapa Kenya, Telegram ilipobanwa Novemba 2024 wakati wa mitihani ya KCSE, vijana walizipakua kwa wingi. Na familia nyingi za pwani zina jamaa Oman na Imarati, ambako kupiga simu kwa programu kama WhatsApp kumewekewa mipaka, hivyo programu hizo husambazwa baina ya ndugu kwa nia ya kusikia sauti tu. Baadaye laptopu ileile ya nyumbani inaletwa kazini. VPN ya bure imekaa humo, inaamka yenyewe kompyuta ikiwashwa, na kila moja kati ya mbili hizo inataka kuandika jedwali la njia kwa namna yake. Inayoandika mwisho hushinda, kisha ya kwanza hugundua na kuandika upya.

Hapo fundi huwa na kazi ya moyo pia. Hamkaripii mtu. Humwonyesha jedwali la njia kwenye skrini, humwelekeza kidole kwenye mistari inayogombana, humweleza kwamba programu ya bure nayo inabeba mazungumzo yake yote na hajui inayapeleka kwa nani. Uamuzi humwachia mwenye mashine. Mara nyingi ya bure huondolewa kwa hiari, na hapo huifuta kwa moyo mweupe.

Sifa nyingine ya fundi wa kweli ni kukubali kwamba mara nyingine VPN haina kosa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na nchi jirani. Kesho yake, Jumatatu, VPN zilikuwa zinakatika kila ofisi. Asiyeangalia mbali angeweza kubadilisha mipangilio siku nzima na kuharibu iliyokuwa sawa. Njia ya kujua ni ileile ya ngazi: zima VPN, pima, linganisha na kompyuta ya jirani, linganisha na simu yenye laini nyingine. Ikiwa zote zinasuasua VPN ikiwa imezimwa, rudisha mikono mapajani, waeleze watu ukweli, usiguse kitu.

Vifaa anavyotumia ni vya zamani na vya bure. Ping iliandikwa na Mike Muuss mwezi Desemba 1983, traceroute, ya kuonyesha njia ambayo pakiti hupitia, ikafuata mikononi mwa Van Jacobson kabla muongo ule haujaisha. Zote zimo ndani ya karibu kila kompyuta iliyo Kipevu, zikiwa zimelala. OpenVPN ilianzishwa na James Yonan mwaka 2001, baada ya safari zake za Asia ya Kati kumtia wasiwasi kuhusu mitandao ambayo kazi yake ilikuwa ikipitia. WireGuard ya Jason Donenfeld iliingia ndani ya Linux mwezi Machi 2020, mwezi uleule ambao ofisi zetu zilianza kuwatuma watu nyumbani. Watu hao waliandika programu nzuri. Lakini programu nzuri ikifika kwenye laptopu yenye betri dhaifu, umeme wa kukatika na hotspoti ya kuazima, inahitaji mtu wa hapa anayeijua vizuri kiasi cha kuitetea.

Nimesema kuitetea, na ndilo jambo ninaloliamini zaidi katika yote haya. VPN huchukiwa kwa sababu huonekana pale tu inaposumbua. Siku zote nyingine inapokaa kimya ikificha namba za PIN za waagizaji, ankara za mizigo na mishahara ya watu, hakuna anayeisifu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, nayo haibani kampuni kubwa peke yake, bali hata ofisi ya wakala mdogo. Fundi anayeifuta VPN ili intaneti irudi amemaliza lalamiko la leo kwa kuzitoa data za wateja nje ya ulinzi, na hatakuwepo siku zitakapovuja. Fundi anayetafuta chanzo anawalinda watu asiowahi kuwaona.

Daftari lake linaonyesha hayo kuliko maneno yangu. Kila ukurasa una safu nne: dalili, nilichokikuta, nilichokibadilisha, nilivyothibitisha. Safu ya tatu ni fupi sana, mara nyingi mstari mmoja. Ya nne ndiyo ndefu. Akirudi ofisi ileile baada ya miezi, hufungua ukurasa wake kabla ya kufungua kompyuta, na mwanafunzi anayemfuata siku hizi hufundishwa kuandika kabla ya kufundishwa amri hata moja ya ping.

Wateja bado huona tabu kulipia kazi ya namna hii. Fundi akibadilisha ruta kuna boksi jipya la kuonyesha, akibadilisha namba moja kutoka 1420 kwenda 1380 hakuna cha kushika. Tukubali kulipia kufikiri. Na tuwe na desturi ya kumwuliza kila fundi, akishamaliza na kabla hajatoka mlangoni: ilikuwa nini, na umejuaje? Anayeweza kujibu maswali hayo mawili, huku VPN ikiwa bado inafanya kazi nyuma yake, ndiye wa kumpa namba ya simu yako na ya jirani zako.